Taarifa ya mwezi ya jiji: idara moja inaweka lami, nyingine inachimba. Nani anaratibu?

#1 Mtembea_kwa_Miguu

Salaam wakuu.

Nina tabia ambayo mke wangu anaiita ugonjwa: nasoma taarifa za jiji. Zile za kila mwezi, idara kwa idara, ambazo hata aliyeziandika hazirudii. Mwezi huu nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilichukua kalamu, kila barabara iliyotajwa nikaiandika pembeni pamoja na idara iliyoitaja.

Kuna barabara moja, tuiite Barabara A, imetokea mara nne. Idara ya ujenzi "imekamilisha uwekaji wa lami". Maji na majitaka "imeanza kubadilisha bomba kuu". Bustani "imepanda miche ya kivuli kandokando". Kitengo cha taa "kimeondoa miti inayoziba mwanga". Wote wanne wamejipongeza na hakuna aliyedanganya.

Nikaenda kuangalia kwa macho. Mtaro umekata mstari mweupe ambao rangi yake bado inang'aa. Kipande cha lami kilichong'olewa kimewekwa pembeni, nimekishika, bado kinanuka mafuta.

Dai langu: idara za jiji hazisomani. Nibishieni.

#2 Chepe

Nimekaa paleee, na kiti nimekuja nacho.

#3 Kokoto

Mleta uzi una haraka ya kuhukumu. Nimesimamia vibarua wa barabara miaka mingi, ngoja nikupe upande wa pili. Mara nyingi idara ya maji haikupanga kuchimba, imelazimishwa. Chini kuna bomba kongwe la chuma, kutu imelila limebaki kama ganda. Miaka yote limekaa kimya. Siku mnakwangua barabara, ule udongo wa juu uliokuwa unalilinda unapungua, halafu mnaleta rola linalotetemesha. Bomba linapasuka, ila si pale pale. Linavuja polepole, wiki tatu baadaye lami inabonyea, mtu anaona maji yanachemka katikati ya barabara. Hapo nani wa kulaumiwa? Aliyeweka lami ndiye aliyeua bomba.

#4 Mtembea_kwa_Miguu

Kokoto, nimekuelewa, lakini taarifa inasema "kubadilisha bomba kuu", siyo kuziba pasuko. Bomba kuu halibadilishwi kwa dharura. Mabomba mapya yamepangwa pembeni, yamefungwa mikanda. Yameagizwa muda mrefu yale.

#5 Karani_Mstaafu

Vijana, poleni na kazi. Nimekaa ofisi ya manunuzi mpaka nikastaafu, nitasema kidogo.

Mnadhani idara hazijuani. Zinajuana vizuri, tena wakuu wake wanakaa kikao kimoja. Kinachowatenganisha ni mafungu. Fedha ya lami inatoka fungu moja, ya bomba inatoka fungu jingine, pengine ni mkopo wenye masharti yake na tarehe yake. Fedha ya lami isipotumika mpaka mwaka wa fedha unafungwa, inarudi, na mwakani mtaulizwa: mwaka jana mlishindwa kutumia, sasa mnaomba ya nini? Kwa hiyo mkuu wa ujenzi, huku akijua kabisa kwamba bomba linakuja, anaweka lami. Akisubiri anaadhibiwa. Akiweka anapongezwa kwenye taarifa, kama ulivyosoma.

Nilishaandika barua ya kuomba zabuni mbili zisogezwe pamoja. Ilizunguka meza saba. Iliporudi, lami ilikuwa imekauka.

#6 Jicho_Kali

Mzee Karani, kwa heshima zote, unatupamba. Hapo kuna ulaji. Barabara ikichimbwa mara mbili inalipiwa mara mbili. Mkandarasi wa kufukia mtaro ni nani? Na wa kuweka kiraka? Fuatilieni majina.

#7 Karani_Mstaafu

Jicho_Kali, ulaji upo, siwezi kuapa mbele ya watu wazima. Lakini mwizi mwenye akili haibi kwenye barabara inayoonekana na kila mtu. Anaiba kwenye kina cha tabaka la chini, ambako huna kipimo.

#8 Chepe

Mzee anajua mengi huyu. Nasogeza kiti karibu.

#9 Mhandisi_wa_Jioni

Kwa kuwa Karani kagusa tabaka la chini, niongeze nyama. Uchungu mkubwa ni jinsi mtaro unavyofukiwa. Mtaro wa mita moja na nusu unatakiwa kufukiwa kwa matabaka, kila tabaka sentimita 15 hadi 20 hivi, unashindilia, unapima, unaweka jingine, na udongo uwe na unyevu wake, usiwe mkavu wala tope. Ni kazi ya siku nzima kwa kipande kifupi.

Kinachofanyika: kifusi kinamwagwa chote kwa mkupuo, mawe na mifuko ya saruji humo humo, kompakta (mashine ya kushindilia) inapitishwa juu mara mbili, kiraka. Juu pamekuwa pagumu, chini ni mto wa sufi. Mvua ya kwanza inashuka kupitia ile pindo ambapo lami mpya inakutana na ya zamani, kifusi kinakaa, kiraka kinazama. Kisha wanarudi ujenzi kuweka kiraka juu ya kiraka. Na hilo nalo litaandikwa kwenye taarifa: "matengenezo ya kawaida".

#10 Kokoto

Mhandisi umeshusha nondo. Ila mfuko wa saruji ndani ya mtaro umenilenga mimi au vipi?

#11 Mhandisi_wa_Jioni

Kama kofia imekutosha, mkuu.

#12 Nyuki_wa_Vitabu

Hili si jipya duniani. London ya karne ya 19 ilikuwa na parokia na tume nyingi za mifereji, kila mmoja na mitaro yake, wengine mtaro wao unaishia mpakani kama vile majitaka yanasoma mipaka. Ikabidi waanzishe bodi moja ya ujenzi ya jiji zima mwaka 1855. Halafu kiangazi cha 1858 Mto Thames ukanuka kiasi kwamba wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, wakatoa fedha haraka kuliko walivyowahi kutoa. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu.

Kinachonifurahisha ni ukingo uitwao Victoria Embankment, uliofunguliwa 1870. Kwa kazi moja ya kujaza ukingo wa mto walipata mfereji mkuu wa majitaka, njia ya reli ya chini ya ardhi, barabara juu na bustani. Shida ya fedha ilikuwepo, siasa ilikuwepo, wakachimba mara moja.

#13 Pimamaji

Nyuki, umesahau kitu kitamu kuliko vyote: mle ndani waliacha pia njia ya kupitisha mabomba ya gesi na maji, mtu anaingia kwa miguu bila kugusa barabara. Paris nao, enzi za Haussmann, mkuu aliyeijenga Paris upya karne hiyo hiyo, mhandisi Belgrand alijenga mifereji mipana inayobeba na mabomba ya maji safi humo humo. Japani ikaja kutunga sheria ya mahandaki ya pamoja mwaka 1963. Kwa hiyo tiba inajulikana tangu zamani. Ni ghali mwanzoni, na hakuna diwani anayekata utepe wa handaki.

#14 Jicho_Kali

Sasa mmehamia Ulaya. Mtarudi lini kwenye mtaro wetu?

#15 Binti_Ramani

Narudi nao mimi. Natengeneza ramani za mitandao ya chini ya ardhi, kwa hiyo hiki ndicho kilio changu cha kila siku.

Hata hao wakuu wa Mzee Karani wakae kikao kila asubuhi, hawajui kilicho chini. Maji wana ramani yao, umeme yao, simu na mkongo wa intaneti yao, na kila moja imepimwa toka alama tofauti. Nyingine inasema "bomba liko mita mbili toka ukingo wa barabara". Ukingo upi? Barabara ilipanuliwa mara mbili tangu hapo! Ramani za baada ya ujenzi zinatakiwa zionyeshe bomba lilipokaa kweli. Mara nyingi mkandarasi anapiga chapa tu mchoro wa awali na kuurudisha.

Siku moja tulifungua chemba iliyoandikwa kwenye ramani kuwa ya maji ya mvua. Fundi akashuka ngazi tatu, akapanda haraka kuliko alivyoshuka. Haikuwa ya mvua.

Na si mchezo. Ubelgiji, Ghislenghien, Julai 2004, bomba kubwa la gesi lililokuwa limejeruhiwa na mashine ya ujenzi lililipuka, watu 24 wakafa. Mtu akiniambia ramani ni mambo ya ofisini namuonyesha hiyo.

#16 Chepe

Dada Binti, alishuka ngazi tatu na ndala au buti?

#17 Binti_Ramani

Buti. Moja ilibaki.

#18 Sheria_Mkononi

Mnazunguka sana wakati jibu ni kanuni. San Francisco, barabara ikishawekwa lami upya, kuichimba kumezuiwa kwa miaka mitano. New York barabara inakuwa "imelindwa" miaka mitano pia, ukitaka kuchimba masharti yanakuwa mazito zaidi. Uingereza ina sheria ya 1991 inayoruhusu mamlaka ya barabara kutangaza kwamba baada ya kazi kubwa hakuna kuchimba kwa muda. Kabla ya tangazo wanaitwa wote: mwenye bomba, mwenye waya, njoo uchimbe sasa au unyamaze.

London ikaenda mbele, tangu 2012 anayechimba barabara zake kuu zenye msongamano saa za pilikapilika anaweza kutozwa hadi pauni 2,500 kwa siku. Ghafla watu wakagundua wanaweza kufanya kazi usiku.

Tuleteeni kanuni kama hiyo, uzi utafungwa.

#19 Kokoto

Sheria_Mkononi, hujasoma mstari wa chini. Kanuni zote hizo zina mlango unaoitwa DHARURA. Nimeona kibali cha dharura kimejazwa tarehe wiki mbili kabla ya dharura yenyewe kutokea.

#20 Sheria_Mkononi

Hapo sina la kusema. Ila mlango kuwepo si sababu ya kukosa ukuta.

#21 Mama_Wawili

Samahani naingilia. Nyie mnaongelea lami, mimi naongelea mlango wangu. Mtaro umepita mbele ya nyumba, wameweka ubao mmoja wa kuvukia, una msumari umechomoza. Nimepiga simu jiji. Ujenzi wakasema mtaro si wao. Maji wakasema mtaro ni wao ila ubao ni wa mkandarasi. Mkandarasi akasema vivuko havikuwemo kwenye mkataba. Msumari nimeupiga mwenyewe kwa jiwe.

#22 Mtembea_kwa_Miguu

Pole sana mama. Hii peke yake imetosha kuwa uzi.

#23 Nyuki_wa_Vitabu

Mama_Wawili kanikumbusha. Baltimore walianzisha namba 311 mwaka 1996 kwa simu za polisi zisizo za dharura, kisha Chicago 1999 na New York 2003 wakaifanya ya huduma zote za jiji. Unapiga namba moja, wao ndio wanatafuta idara. Raia hapaswi kujua muundo wa jiji ili apate ubao.

Faida nyingine hakuna aliyeitarajia. Kuanzia 2005 watu wa Manhattan walikuwa wananusa harufu tamu, kama asali ya miti, inakuja na kupotea. Wengine wakahofia ni shambulio. Simu za malalamiko zikawekwa kwenye ramani pamoja na mwelekeo wa upepo, na mwaka 2009 jiji likatangaza: kiwanda cha New Jersey, ng'ambo ya mto, kinachosindika mbegu za uwatu.

#24 Chepe

Jiji zima linahangaika, kumbe ni uwatu! Bibi yangu angewaambia siku ya kwanza, bure.

#25 Pimamaji

Lakini Nyuki, namba moja inapokea lalamiko, haiunganishi mafungu ya Mzee Karani. Utapewa namba ya kumbukumbu, msumari utabaki.

#26 Mwenda_Vikao

Naona mmeruka swali la mleta uzi: NANI anaratibu? Inategemea jiji limeundwaje. Kuna majiji ambayo meya ndiye bosi wa wakuu wa idara, anaajiri na kufukuza. Kuna mengine meya ni mwenyekiti wa baraza tu, mwenye rungu ni mkurugenzi, mtaalamu wa kuajiriwa. Mfumo wa mkurugenzi ulianzia mji mdogo wa Staunton, Virginia, 1908. Dayton, Ohio, wakauchukua 1914 baada ya mafuriko ya 1913 kuonyesha serikali yao ya jiji ilivyokuwa dhaifu. Hoja ilikuwa: mafuriko hayajali chama chako, tupeni mtu anayejua pampu.

Ukimlilia meya kwenye jiji la mkurugenzi, unalilia picha ukutani.

#27 Jicho_Kali

Na mkurugenzi akiteuliwa kutoka juu, baraza la madiwani haliwezi kumgusa. Tunarudi palepale.

#28 Mwenda_Vikao

Ndiyo, na kuna njia ya tatu. Baltimore, mwaka 2000, Meya Martin O'Malley alianzisha vikao walivyoviita CitiStat. Mkuu wa idara anasimamishwa mbele kila baada ya wiki mbili, takwimu zake zinaonyeshwa ukutani, na wa idara nyingine wamekaa humo humo. Huwezi kusema "hilo la wenzangu" kwa sababu mwenzako anakutazama. Waliahidi hata shimo la barabarani kuzibwa ndani ya saa 48 baada ya kuripotiwa.

#29 Mhandisi_wa_Jioni

Saa ya 49 maji wanalifungua.

Natania, lakini kuna ukweli. Ukimpima mtu kwa idadi ya mashimo aliyoziba, ataziba mengi, hatakuwa na haja ya kujua kwa nini linarudi lilelile. Lile la kiraka nililoeleza #9 linahesabiwa mara tatu kama kazi tatu nzuri.

#30 Karani_Mstaafu

Mhandisi kasema. Taarifa ya mwezi ina safu ya "utekelezaji", haina safu ya "kilichoharibiwa na utekelezaji wa mwingine".

#31 Sheria_Mkononi

Kuna jingine baya zaidi, pale jiji linapojifunga lenyewe. Chicago 2008 walikodisha mita zao za maegesho, kama 36,000, kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, wakapata dola bilioni 1.15 papo hapo. Sasa idara nyingine ya jiji ikifunga mtaa kwa ukarabati au ikitaka njia ya baiskeli, maegesho yakizidi kuondolewa, jiji linadaiwa fidia. Hapo siyo idara hazisomani tena. Idara ya fedha imeuza mikono ya idara ya barabara, mpaka wajukuu.

#32 Jicho_Kali

Miaka SABINI NA TANO? Nyinyi mnaniita mimi mtu wa kushuku kila kitu.

#33 Mkata_Matawi

Nimechelewa, nafanya kazi za bustani za umma. Mleta uzi, nakusahihisha. Umesema tumepanda miti na wa taa wakaing'oa. Barabara hiyo kama ndiyo ninayoidhani ni ndefu. Sisi tumepanda upande wa chini, wa taa wameondoa miti mizee upande wa juu, karibu na mzunguko. Si miti ileile. Tena hiyo mizee tulikubaliana nao, ilikuwa imeoza moyo.

#34 Mtembea_kwa_Miguu

Mkata_Matawi, nakiri. Nimerudia kusoma: "eneo la mzunguko". Sikuliona. Kwa miti nawaomba radhi idara mbili. Lami na bomba msimamo wangu uko palepale.

#35 Chepe

Idara mbili zilizungumza! Modi, badilisha kichwa cha uzi.

#36 Mkata_Matawi

Ila nina dukuduku. Miche yetu ya upande wa chini hakuna aliyetuambia bomba linapita hapo. Mizizi ya mti inafuata maji. Bomba likiwa na kiungo kinachodondosha hata tone, baada ya miaka mzizi mwembamba kama uzi umeshaingia, ukishaingia unanenepa. Kwa mabomba ya majitaka ni mbaya zaidi, humo kuna chakula. Tukiulizwa tungepanda mita chache ndani.

#37 Kokoto

Kwa hiyo mtoto wangu atakuja kuchimba tena hapo. Ajira ya kurithi.

#38 Binti_Ramani

Mtembea, ukipita tena hebu angalia kama kuna alama za rangi zimepulizwa kwenye lami. Wapimaji hupuliza kabla ya kazi. Mfumo wa Marekani, ambao wengi wameuiga: buluu maji safi, kijani majitaka, nyekundu umeme, njano gesi, chungwa mawasiliano, nyeupe panapotarajiwa kuchimbwa. Kwingine rangi hutofautiana, kwa hiyo usiapie.

#39 Mtembea_kwa_Miguu

Nimetoka huko asubuhi hii. Mtaro wameshafukia nusu. (Mhandisi, kwa mkupuo. Nimehesabu pasi za kompakta: mbili.) Kiraka kimewekwa kwa mita kama ishirini, bado cha moto.

Juu ya kiraka chenyewe kuna mstari wa rangi ya chungwa, mshale, na herufi ambazo sikuzielewa. Pembeni pamepulizwa kisanduku cheupe.

#40 Binti_Ramani

Juu ya kiraka kipya? Una uhakika si rangi ya zamani iliyobaki?

#41 Mtembea_kwa_Miguu

Nimeigusa. Kidole changu ni cha chungwa mpaka sasa.

#42 Karani_Mstaafu

Mkongo huo. Fungu jingine kabisa.

#43 Mkata_Matawi

Mshale unaelekea wapi?

#44 Mtembea_kwa_Miguu

Kwenye miche yenu, mkuu.

#45 Chepe

Kiti kimeisha miguu. Naleta godoro.